Daraja Nililoliita Utani

Mhandisi wa Kizungu aliniuliza, mbele ya baraza zima, mama yule amesema nini. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba hakusema jambo la maana, ni utani tu, desturi ya watu wa huku. Neno hilo moja, utani, nililiacha katika Kiswahili kwa sababu sikuwa na Kiingereza chake. Hakuna aliyenilazimisha kujibu hivyo. Ningeweza kutafsiri maneno kama yalivyosemwa, na hiyo ndiyo kazi niliyolipwa kuifanya. Mpaka leo, nikiwa mzee ninayeswali nimekaa kwenye kiti, natamani ningekataa kulisema jibu lile.

Nilikuwa karani na mkalimani wa boma la Kilwa, miaka michache baada ya vita vya pili vya Wazungu. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari wakati ambapo kijana wa kwetu aliyefika huko alitazamwa njiani kama bwana harusi. Nilivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi na soksi ndefu zilizofika magotini. Kwetu ni Kiranjeranje, na kila nilipopata ruhusa ya kwenda kumwona mama yangu nilipanda lori, nalo lori lilipita daraja la mto ulio katikati ya njia.

Daraja hilo lilijengwa na Wajerumani. Nguzo zake zilikuwa za mawe, lakini juu ya mawe yalilazwa magogo, na juu ya magogo mbao. Waingereza waliporithi nchi walirithi na daraja, wakawa wanabadilisha mbao za juu zilipovunjika. Magogo ya chini hayakuguswa. Ukisimama juu yake uliona mbao mpya zilizonyooka, ukaridhika. Ukishuka mtoni wakati wa kiangazi na kutazama juu, uliona magogo yaliyoliwa na mchwa mpaka yakawa na matundu kama sega la nyuki. Kila mtu wa kijiji cha pale aliliona jambo hilo, kwa kuwa watu walioga na kufua chini yake. Hata mimi niliwahi kuliona.

Upande wa kusini wa daraja aliketi mama mmoja mjane, rika la mama yangu, akikaanga vitumbua. Malori yalisimama pale, abiria wakashuka na kulivuka daraja kwa miguu ili gari liwe jepesi, kisha gari likafuata polepole. Hiyo ilikuwa desturi ya barabara yetu na hakuna aliyeilalamikia. Waliokwisha kuvuka walikula vitumbua wakimngoja dereva.

Mama huyu alikuwa mtani wangu. Ukoo wake na ukoo wa baba yangu walikuwa watani tangu enzi za mababu. Waliwahi kupigana, wakachoka, wakaapa kuzikana badala ya kuuana. Kwa hiyo alikuwa na haki ya kunitukana mbele ya watu, kunivua kofia, kunizuia njia, nami nisikasirike. Nami nilikuwa na haki hiyo hiyo juu yake.

"Amekuja mume wa daraja!" alipiga kelele kila aliponiona nikishuka kwenye lori. "Jamani mpisheni, anakwenda kumkanyaga mkewe!"

"Kikongwe wewe, hujafa tu?"

"Nife nani akulishe? Tazama miguu hiyo kwenye soksi, kama korongo aliyetumbukia kwenye unga."

"Vitumbua vyako vigumu. Peleka bomani tuvitie kwenye mashimo ya barabara."

"Peleka wewe! Tena anza na mkeo huyu, maana ana pengo kila mahali. Jana nimempita, analia wee, mpaka nikamwonea huruma. Nikamwambia, bibi, mumeo yuko Kilwa anaandika, siku akimaliza kuandika atakuja kukuzika."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, nami nilicheka. Utani huo wa mume na mke aliuendeleza mwaka hadi mwaka. Kila mara aliongeza kitu: mke amevunjika mguu wa kushoto, mke ana vidonda tumboni, mke hafiki masika. Nilijua anachosema. Kwetu mtu wa kawaida hakumwambia karani wa serikali usoni kwamba kazi yake mbovu. Mtani alimwambia. Huyo ndiye aliyepewa mdomo ambao hauadhibiwi.

Mwaka ule habari zilienea kwamba serikali imepata fungu la fedha la kutengeneza madaraja ya jimbo la kusini. Wakati huo macho ya wakubwa yalikuwa yametazama kusini zaidi, kwenye mashamba makubwa ya karanga, reli na bandari mpya. Fungu hilo halikutosha kila mahali. Mhandisi mmoja alitumwa apite barabarani aangalie daraja lipi lijengwe upya na lipi linaweza kungoja. Mimi na Bwana Shauri, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa wilaya yetu, tulifuatana naye.

Njiani Bwana Shauri aliniambia, bila kugeuza kichwa, kwamba angependa baraza la mtoni liwe fupi. Alisema wakubwa wa Lindi wangefurahi kusikia kwamba barabara yetu inaweza kuvumilia kidogo, ili mbao na chuma viende kunakohitajika zaidi. Kisha akazungumzia nafasi ya mkalimani iliyokuwa wazi katika ofisi ya jimbo, Lindi. Hakuunganisha maneno hayo mawili. Niliyaunganisha mimi, kichwani mwangu, nikiwa nimekaa nyuma ya gari na soksi zangu.

Tulipofika, baraza lilikuwa limejaa. Kwanza alisimama jumbe wa kijiji, akashukuru serikali kwa maneno marefu, akakaa bila kutaja daraja. Wengine wawili walisimama, nao wakashukuru. Nikaona wanaume wananong'onezana, kisha wanatazama upande wa wanawake. Hapo mama wa vitumbua akainuka. Nilijua mara ile ile kwamba wamemtuma. Kijiji kizima kilikaa kikafikiri nani atamwambia Mzungu ukweli huku karani wake anasikiliza, wakamchagua yeye kwa kuwa alikuwa mtani wangu na nisingeweza kumwekea kinyongo.

Akaja mpaka katikati, akanitazama juu mpaka chini.

"Mwambie bwana wako," alisema, "mke wako huyu hapa anayelala juu ya mto, ameoza. Ameoza kama meno ya babu yako aliyekula asali ya wizi. Usoni mnampaka poda, tumboni funza. Mvua zikija kubwa atatuua. Mwambie ashuke chini amtazame tumbo, asimtazame uso kama wewe ulivyozoea kutazama wanawake."

Baraza zima likalipuka kwa kicheko. Jumbe alijifuta machozi kwa kanzu. Bwana Shauri, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu, alikunja uso. Mhandisi yeye hakujua Kiswahili kabisa, lakini alikuwa mtu mchangamfu, akacheka kwa kuwa wengine wanacheka. Kabla ya hapo alikuwa amekaa kwenye jiwe, ameanza kufungua kamba za buti zake ili ashuke mtoni. Buti moja lilikuwa limekwisha kutoka kisiginoni. Akaniuliza, akitabasamu, mama anasema nini.

Nikajibu kama nilivyojibu.

Mhandisi akafurahi sana. Akataka kujua utani ni nini. Nikamweleza kwa Kiingereza kizuri: koo zinazotukanana, watani wanaovuruga mazishi ili wafiwa wacheke, mtani anayelala mbele ya jeneza mpaka alipwe. Kila nililosema lilikuwa kweli. Katika maelezo hayo sikusema uongo hata mmoja, na hilo ndilo linaloniaibisha zaidi, kwamba niliweza kuwadhulumu watu wangu kwa kueleza desturi yao sawasawa. Alikuwa akinisikiliza huku mikono yake ikifanya kazi nyingine. Aliliingiza tena lile buti, akafunga kamba, akainuka. Akatembea juu ya daraja, akapigapiga mbao mpya kwa kisigino, akarudi akasema mbao ni nzuri.

Yule mama hakujua Kiingereza. Lakini katikati ya maneno yangu alilisikia neno moja la kwake. Kicheko kilipotulia akanisogelea.

"Nimesikia utani," alisema kwa sauti ya chini. "Umemwambia utani. Na tumbo la daraja umemwambia?"

"Nimemwambia yote."

"Yote?"

"Yote, mama."

Sikuwahi kumwita mama. Siku zote nilimwita kikongwe. Alinitazama kidogo, kisha akaamini, maana kwa mila yetu mtani hukutania kwa lolote lakini hakufichi jambo la kifo. Akanipiga kofi la begani.

"Basi wewe mwanamume," akasema. "Nitakukaangia kimoja kilaini."

Baada ya baraza lile alitembea kijijini akinisifu. Alisema serikali imesikia kwa kinywa cha mtani wake, kwamba soksi zile zina mtu ndani. Kiangazi kilipokolea, malori yaliyobeba magogo na vyuma yakaanza kupita. Kila lilipotokea lori la namna hiyo, watu wa kijiji walisimama kando ya njia wakishangilia. Lori liliingia darajani taratibu, mbao zikalia, likavuka, likaendelea kusini. Mama alisema hayo ni ya daraja la mbele, ya kwetu yako nyuma. Ndivyo daraja letu bovu lilivyobeba magogo ya madaraja ya wengine.

Mama huyu alikuwa na binti mmoja tu. Binti huyo alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto, safari ya kutwa kwa lori upande wa Kilwa, na alikuwa na mimba ya kwanza. Kwetu mimba ya kwanza hurudi kwa mama. Mwanamke hawezi kujifungua mara ya kwanza mikononi mwa mama mkwe, huku mamaye mzazi akiwa hai. Hesabu ya wanawake ilionyesha kwamba mtoto angezaliwa masika.

Nilipopita kwenda kumwona mama yangu, mvua zikiwa bado hazijaanza, mtani wangu alinivuta kando. Hakunitania. Alikuwa na mafuta ya kukaangia kwenye vidole na alinishika mkono hivyo hivyo.

"Nataka nikuulize jambo, uniambie kama mtu mzima," alisema. "Mwanangu nimwite aje sasa, kabla ya mvua? Mumewe hataki, anasema bado mapema, nani atampikia. Lakini kama daraja halitakuwa limejengwa, nitakwenda kumchukua mwenyewe. Nitagombana nao. Wewe uko bomani. Litajengwa?"

Hapo nilipewa nafasi ya pili. Barua ya uamuzi ilikuwa imekwisha kufika bomani, nami niliijua: daraja letu lilikuwa limewekwa katika yale yanayoweza kungoja. Kama ningemwambia mchukue mwanao leo, angeniuliza kwa nini, na jibu lingerudi mpaka kwenye baraza na lile buti. Nilitazama vidole vyake.

"Hakuna haja ya kugombana na wakwe," nikasema. "Mwache aje kwa wakati wake."

"Litakuwa tayari?"

"Serikali ina mambo mengi, lakini inajua."

"Haya," akasema. "Wewe umesema."

Masika yalikuja na maji mengi. Mimi nilikuwa Kilwa. Yaliyotokea niliyasikia kwa dereva mwenyewe alipoletwa bomani kuhojiwa. Ilikuwa jioni, mvua inanyesha. Lori lilifika ukingoni upande wa Kilwa, na kama kawaida abiria wakaambiwa washuke. Njia ya kuingilia darajani ilikuwa tope la kufika magotini. Binti yule alikuwa mzito, miezi imetimia, ameketi mbele karibu na dereva. Alifungua mlango ashuke kama wenzake. Mumewe akamzuia. Mama mmoja aliyekuwa mle garini akamzuia pia, akasema jamani mwenye mimba atateleza, mwacheni akae, yeye peke yake ana uzito gani? Wote wakakubali. Wakavuka kwa miguu, wakasimama upande wa pili na mama mtu, aliyekuja na mwavuli kumpokea mwanawe. Kisha lori likaingia.

Dereva alisema halikutoa mlio mkubwa. Alisema lilizama kama mtu anayekaa. Yeye alitokea dirishani. Binti alipatikana kesho yake, chini ya pale, kwenye matete.

Nilikwenda msibani, nikavushwa mto kwa mtumbwi. Mtani haachi msiba wa mtani, hata awe na hatia gani. Nilivaa kanzu. Watu walikuwa wamejaa uani, na nilipoingia waliniachia njia, wakanitazama kwa matumaini. Walikuwa wakiningoja mimi. Shehe alikwisha kuwaambia kwamba aliyekufa na mimba ni shahidi, wakaitika, lakini tangu asubuhi walikuwa hawajapumua, na kazi ya kuwapa pumzi ilikuwa yangu. Nilitakiwa nilale mbele ya jeneza nikipiga kelele kwamba halipiti mpaka nilipwe, nimwigize mama mtu anavyokaanga vitumbua, niulize mchumba wangu wamemficha wapi. Mzee mmoja wa ukoo wao alinigusa kiwiko.

"Haya mtani, anza. Watu wameshindwa kula."

Nikafungua kinywa. Sijui ningesema nini. Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka mama mtu, amejifunga kanga ya msiba, wanawake wawili wakimshika. Akawaondoa mikono yao. Akaja mpaka mbele yangu, na mimi nikangoja anitukane. Wallahi nilitaka anitukane. Angeniita mwuaji, angenitemea mate, ningeyapokea yote.

Akapiga goti kidogo, kama watu wa zamani walivyofanya mbele ya mabwana zao.

"Shikamoo, Bwana Karani," akasema.

Waliokuwa uani wakatugeukia. Mwanamke wa rika la mama yangu amenipa shikamoo mimi, kijana. Nikashindwa kuitika. Ningesemaje marahaba? Aliingoja, kwa adabu, kama anayengoja mkubwa amjibu. Kisha akageuka akarudi ndani. Yule mzee aliyenigusa kiwiko akaondoka karibu yangu. Jeneza likainuliwa, likapita mbele yangu, na hakuna aliyelizuia.

Kuna mambo mengine ya kusema. Serikali ilijenga daraja jipya la zege kabla ya masika yaliyofuata. Fedha zilipatikana, mbao zikapatikana, chuma kikapatikana. Hakuna aliyeeleza vilitoka wapi baada ya kukosekana. Bwana Shauri alisikitika kweli, naamini hivyo, na hakuniuliza neno. Nafasi ya Lindi niliipata. Siku ya kufungua daraja nilitafsiri hotuba, kila neno, hata vikohozi ningevitafsiri. Watu walipiga makofi. Upande wa kusini hapakuwa na mtu anayekaanga vitumbua.

Wapo walioniambia, baadaye, kwamba nilikuwa kijana na nilikuwa chini ya watu, na kwamba hata ningetafsiri sawasawa fungu lile lingekwenda kusini vile vile. Labda. Mhandisi angeshuka, angeona, na bado wakubwa wangeamua wanavyotaka. Lakini wangeamua wakijua. Na yule mama angejua pia, angekwenda kumchukua mwanawe wakati wa kiangazi, akagombana na wakwe, wakanuniana, mtoto akazaliwa. Serikali ilinyimwa habari mara moja. Yeye nilimnyima mara mbili, na mara ya pili hapakuwa na Mzungu wala baraza, tulikuwa wawili tu.

Alichoanza yeye, ukoo wake wote ulikifuata. Hawakunitenga. Nikipita kijijini walinipa kiti, wakanipa maji, wakaniuliza hali ya nyumbani. Wakubwa kwa wadogo waliniamkia kwa heshima. Nilijaribu kuwatania. Nilimwambia bwana mmoja wa rika langu kwamba kichwa chake kama boga la msimu uliopita. Zamani angenirukia. Akainamisha kichwa hicho akasema, "Kweli, bwana."

Mama yangu alipofariki, Kiranjeranje, watani walikuja wote. Walikaa kwenye mikeka kimya, wakasoma dua, wakatoa rambirambi. Hakuna aliyelala mbele ya jeneza. Hakuna aliyeiga mwendo wake wa kuchechemea, ambao yeye mwenyewe alikuwa akiucheka. Dada zangu walilia mpaka wakazimia, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwachekesha, na hawakujua ni kwa nini. Nilijua.

Binti mmoja na mtoto aliyekuwa tumboni walikufa kwa sababu niliuita ukweli utani. Mimi niliishi, nikapata cheo, na tangu siku ile hakuna mtani aliyenitukana tena. Nitakapokufa watanizika kwa adabu.